Guruguru na Panzi wa Shamba la Kijiji

Guruguru ni mjusi mnene, magamba yake yamepangwa kama vigae vya paa, na chakula chake ni mdudu anayetembea. Ukimwekea panzi aliyekufa atamtazama tu, kama mgeni aliyewekewa kiporo. Nalisema hili mwanzo kwa sababu watu wa siku hizi wakinisikia naeleza nilivyohangaika kumlisha mjusi huwa wananicheka. Wacheke. Mjusi yule ndiye aliyekuwa ameshika roho ya mdogo wangu, na wapo watu waliokaribia kuwaua wote wawili, na mimi juu yao. Majina yao nayajua, na ya baba zao nayajua. Siyaandiki, maana wana watoto, na watoto wao hawakunikosea kitu. Ila kazi zao nitazitaja: kamanda wa mgambo, bwana shamba, katibu wa kijiji. Yupo na wa nne, nitamtaja zamu yake ikifika.

Kwetu kulikuwa mbali na barabara, upande wa Sepuka. Tulikuwa na tembe moja, zizi moja, na nyuma ya zizi kichuguu kirefu kunizidi. Baba alikuwa amekwisha kufa. Tulikuwa mama, mimi na mdogo wangu wa kike. Yeye aliugua homa akiwa na miaka mitatu, na homa ilipotoka ikaondoka na miguu yake. Mama alikuwa akimbeba asubuhi na kumkalisha juu ya ngozi ya ng'ombe kwenye kivuli cha kichuguu, halafu sisi tunakwenda kulima. Huko ndiko alikojuana na guruguru. Mtoto alikaa kimya mchana kutwa, na guruguru hupenda mtu mkimya. Alianza kuchungulia kwenye tundu lake, siku nyingine akatoka nusu, siku nyingine akaja mpaka kwenye ngozi. Mdogo wangu akawa anabomoa kipande cha kichuguu kwa kijiti, anamtoa mchwa, anamwekea kwenye kiganja. Mwenzake akishakula, ndipo naye anafungua kiazi chake.

"Kwa nini husubiri tule wote?" mama alimuuliza siku moja.

"Mimi mbona nasubiri? Namsubiri mwenzangu."

Tulicheka. Tuliona ni mchezo wa mtoto asiye na wa kucheza naye. Vijana wa jirani walikuwa wakichimba guruguru na kuwachoma, lakini wa kichuguu chetu hawakumgusa. Mdogo wangu alikuwa na mawe karibu na ngozi, na mkono wake haukukosa.

Siku ya kuhamishwa lori lilikuja asubuhi. Kamanda alikuwa na filimbi shingoni, anaipuliza hata pale ambapo hakuna mtu wa kuitwa.

"Haya, vyombo nje! Lori halisubiri harusi!"

Mama alitoa vyungu, mawe ya kusagia akayaacha. Mimi nilimbeba mdogo wangu, naye akanikaba shingo, ananipigia kelele sikioni: "Mwenzangu! Mwenzangu!" Nikaona nikimpandisha hivi atajirusha. Nikachukua kibuyu kikubwa cha uwele kilichokuwa kitupu, nikaenda kwenye kichuguu, nikasubiri. Hata leo sijui kwa nini guruguru alitoka na makelele yote yale. Nilimtia kwenye kibuyu nikafunga kitambaa mdomoni.

"Hicho ni nini?" kamanda akauliza.

"Guruguru, afande."

"Kitoweo cha njiani?"

"Hapana, afande. Ni wa huyu mgonjwa."

"Ahaa! Naye anahamia ujamaa? Kadi ya chama anayo?"

Mgambo wakacheka wote. Mmoja wao, mrefu, mwenye pengo la meno mawili ya mbele, alikuwa juu ya tembe letu anasukuma boriti chini ili tusipate pa kurudi. Alicheka mpaka akashika kiuno. Kicheko kile nilikitunza.

Kijiji kipya kilikuwa kando ya barabara, nyumba zimepigwa mstari kama meno ya kitana. Vichuguu vyote vilikuwa vimesawazishwa, udongo wake umefyatuliwa matofali ya ofisi. Ardhi ilikuwa imekwanguliwa, huoni hata sisimizi. Guruguru nilimchimbia shimo kwenye pembe ya kibanda, nikamzungushia mawe.

Siku ya kwanza mdogo wangu hakula, tukasema ni uchovu wa lori. Siku ya pili mama alikoroga uji wa uwele, akamwekea na maziwa. Akafunga mdomo.

"Una nini?"

"Mwenzangu hajala."

Mama alimbembeleza, akamkaripia, akalia. Uji ukapoa na ukafanya ngozi juu. Mwisho akanigeukia mimi. "Na wewe unakodoa macho! Mtu mzima una ndevu tatu kidevuni, nenda katafute hicho chakula!"

Ndivyo nilivyopata kazi. Nilikuwa nimeishia darasa la tatu, sikuwa na ujuzi wa kitu zaidi ya jembe na ng'ombe, lakini kazi ile niliijua vizuri kuliko bwana shamba alivyojua yake. Mara ya kwanza nilileta panzi mzuri, mwenye nyekundu na njano na kijani, nikijua nimepata. Mama alinipiga mkono, panzi akadondoka.

"Mwenye rangi za kanga umwache! Huyo hata kuku humtema."

Kiwavi mwenye manyoya hafai. Tandu hafai, atamuuma guruguru ulimi. Mende mdogo wa kwenye kinyesi cha ng'ombe anafaa, mchwa ni chakula cha sikukuu, ila mchwa hawakuwepo. Aliyebaki ni panzi wa majani, na panzi wa majani kwetu hakimbizwi, huko ni kujichosha. Anaokotwa. Unatoka mapema umande ukiwa bado mzito, unamkuta ameganda kwenye bua kwa baridi, miguu haimtii. Unamchuma kama unavyochuma kunde. Ukifika nyumbani jua limepanda, kibuyu kinakuwa kama kina mvua ndani kwa mateke yao. Wakubwa mama anawakaanga kwa chumvi, wadogo wanakwenda kwa guruguru, wangali wazima. Guruguru anakula, mdogo wangu anasema, "Haya, leteni," na sisi tunaleta. Hivyo ndivyo tulivyoishi.

Wanawake wa kisimani walinijua.

"Mchunga panzi huyo! Leo wametoka wangapi malishoni?"

"Muulize mahari atatoa nini. Kibuyu kimoja cha panzi na mateke yao!"

Niliwajibu, "Mtakuja kuniomba nikiwa na zizi." Sikukasirika. Nyumbani mtoto alikuwa anakula.

Mvua zilipokolea, viwavijeshi wakaingia kwenye shamba la kijiji. Walikula uwele unasikia sauti. Bwana shamba akaja kwa pikipiki na madebe ya dawa, unga mweupe wenye harufu ya kukwaruza pua. Madebe yalikuwa na karatasi yenye picha ya fuvu. Wengi wetu hatukujua kusoma, lakini fuvu halihitaji kusomwa. Katibu wa kijiji alizibandua karatasi zile moja moja kwa maji na mchanga, maana alitaka madebe yabaki safi ya kupimia mavuno. Nilimwona kwa macho yangu, amechuchumaa, anasugua kwa bidii. Huyo ni wa pili.

Tukaitwa mkutanoni. Mama, ambaye hakuwa mwoga wa kuuliza, akasimama.

"Ndugu bwana shamba, shikamoo yako tumekwisha kukupa. Je, kuku wakila viwavi waliopigwa dawa?"

Bwana shamba alicheka akiwaangalia viongozi pembeni yake. "Mama, dawa hii ni ya kisayansi. Inajua adui yake."

Watu wakapiga makofi. Naye ni wa tatu, na kwangu ndiye wa kwanza. Kamanda alitumwa, katibu alikuwa mjinga mwenye kupenda usafi. Bwana shamba alisomea. Alijua, akaona uvivu kutueleza.

Tulipiga dawa siku mbili. Unatia unga kwenye mfuko wa kitambaa, unatembea mstari baada ya mstari, unagonga mfuko kwa kijiti, unga unashuka juu ya majani. Siku ya tatu nilichelewa kuamka kwa kuchoka. Jua lilikuwa limekwisha kupanda, nikajua huko porini nitakuta panzi wamekwisha kuamka wanaruka. Nikapita karibu, kwenye shamba la kijiji. Nikawakuta wamejaa, wameganda kwenye mabua, wengine wamelala chini chali, miguu inatikisika polepole. Umande ulikuwa umekauka. Jua lilikuwa linanichoma mgongo. Nikajiambia, usiku ulikuwa na baridi, hawa bado wana baridi. Mkono ulizoea kuokota waliolala, ukaokota. Kando ya shamba palikuwa na makaa ya walinzi. Nikachoma wachache nikala, kwa kuwa sikuwa nimekula tangu jana yake mchana.

Wa nne ni mimi.

Nyumbani kibuyu hakikupiga kelele. Mama alichagua wakubwa, akaweka kikaango. Mdogo wangu akapokea wake.

"Kaka, mbona wamelewa?"

"Wamelala. Ni umande."

"Umande saa hizi?"

Lakini guruguru alikuwa amekwisha kunyoosha shingo, amesikia harufu ya majani. Akachukua wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mdogo wangu akasema, "Haya, leteni." Mama akaepua kikaango, akapuliza panzi mmoja amtie mtoto mdomoni.

Kichwa cha guruguru kikaanza kutikisika. Akasugua kidevu mchangani, mara huku mara kule, kama anayefuta kitu. Kisha akapinduka.

"Mama, tupa!" mdogo wangu alipiga yowe. "Tupa! Tupa!"

Mama alirusha kikaango chote nje, mafuta na panzi, na mafuta siku zile yalikuwa ya kutafuta kwa tochi. Aligeuka anitukane, akanikuta nimepiga magoti, mate yananitoka yenyewe. Aliniingiza vidole kooni mpaka nikatapika nyongo. Sikumbuki siku mbili zilizofuata. Nakumbuka jasho, na sauti yake ikihesabu wafu wa ukoo wetu mmoja mmoja, akiwaomba wasinipokee.

Nilipofungua macho, tulikuwa watatu tuliolala ndani ya kibanda kile, na hakuna aliyekula. Guruguru hakufa. Alikuwa amebanwa na jiwe alilojisukumia, mbavu zinapanda na kushuka. Mdogo wangu alikuwa amelala ubavu, uso kwa uso naye. Alikubali maji tu. Midomo ilikuwa imepasuka, na mikono yake ilikuwa imeanza kufanana na miguu yake.

Mama alikwenda kwa bwana shamba. Mwenyewe alinisimulia, na mama yangu hakuwa mtu wa kuongeza.

"Mama, yaani umenijia kwa ajili ya mjusi?"

"Nimekujia kwa ajili ya watoto wawili na mjusi."

"Nani aliwaambia mle panzi? Mnatutia aibu! Kijiji cha maendeleo, watu wanakula panzi!"

"Ulisema dawa inajua adui yake."

Bwana shamba alipiga teke pikipiki ikawaka, akaondoka. Baadaye alihamishiwa mjini kwa cheo kikubwa zaidi. Nilimwona huko miaka ya karibuni, amenenepa, anatembelea fimbo. Nilimwamkia. Sijui kwa nini nilimwamkia.

Jioni ile mama alikaa mlangoni akaniambia bila kunitazama, "Pasipofika ule unga ni kwetu tu."

Kwetu ilikuwa marufuku. Aliyekutwa anarudi kwenye mahame alifungwa kamba, akaletwa mbele ya watu, akachimbishwa vyoo vya ofisi. Kesho yake nikatoka, miguu yangu ya uji, na kibuyu cha maji. Nilifika jua likiwa la saa nane. Mawingu yalikuwa yamejikusanya. Tembe lilikuwa limekalia matako yake, magugu yameota sebuleni, lakini kichuguu kilisimama vile vile. Nikakinyunyizia maji, nikachukua vijiti viwili nikaanza kukipiga. Kumbikumbi ukiwapigia kichuguu hudhani mvua imefika, wakatoka wajirushe. Kila mtoto wa kwetu anajua. Nikapiga, nikapiga. Hakutoka hata mmoja.

"Wewe! Unafanya nini hapo?"

Nikageuka. Alikuwa yule mgambo mrefu mwenye pengo, rungu mkononi.

"Shikamoo, afande. Napiga kichuguu."

"Nimekuuliza shikamoo mimi? Hujui huku hakukanyagwi?"

Nilikuwa nimechoka mno kutunga uongo. Nilimweleza yote, toka kwenye kibuyu alichokicheka mpaka kikaango cha mama. Alinisikiliza huku akipasua jani la nyasi kwa kucha.

"Kwa hiyo mjusi hajala."

"Ndiyo, afande."

"Na yule kilema hajala."

"Siku ya nne leo."

Akatema mate. Nikajua sasa kamba inatoka. Akasema, "Na hiyo unayopiga ni mvua ya wapi? Mvua gani inanyesha kama mtu anabisha hodi? Ko, ko, ko! Kumbikumbi gani atatoka kwa hodi? Lete hapa."

Akaweka rungu chini, akachuchumaa. Alianza kwa vidole, polepole, huku na huku, kama matone ya kwanza juu ya majani makavu. Kisha akaingiza vijiti, akaongeza, akaongeza, akapunguza kidogo kama mvua inayopumua, akamwaga tena. "Maji!" akanikemea. "Unashangaa nini? Tia maji!" Nikatia. Tundu moja likatoa vichwa vyekundu vya mchwa walinzi, kisha mabawa. Wakaanza kumiminika.

Tulikusanya kwa viganja. Kibuyu kilipofika nusu alichota gao moja la kiganja, akapukuta mabawa, akatia mdomoni. "Hawa wana mafuta," akasema. Halafu, akielekea kwenye boriti zilizoanguka, asizitazame: "Hukuniona. Na mimi sikukuona. Ukikamatwa na mwingine, mambo yako."

Paa letu sijamsamehe. Lakini haki yake ni hiyo, nayo naiandika.

Nyumbani mdogo wangu alichukua kumbikumbi mmoja, akamwacha atembee mbele ya pua ya guruguru. Hakuna kitu. Akamrudisha nyuma, akamwacha atembee tena. Mama alikuwa ameshika bakuli la uji kama mtu aliyeshika taa kwenye upepo. Mara ya tatu ulimi ukatoka, ukagusa, ukarudi. Mara ya nne kumbikumbi hakuwepo.

"Leteni," alisema. Sauti yenyewe ilikuwa ya mtu wa mbali. Alikunywa vijiko vitano.

Kibuyu kile kilimaliza siku mbili. Siku ya tatu aliniita.

"Kaka, kesho utaleta tena?"

"Nitaleta."

"Na kesho kutwa?"

Shamba la kijiji lilikuwa linapigwa dawa tena wiki ile, na upepo ulikuwa unatupa unga mpaka kwenye kuta zetu. Alikuwa anajua kama mimi. Alimpapasa guruguru mgongo, gamba kwa gamba.

"Mrudishe."

"Na wewe?"

"Mimi nina kadi," akasema. "Yeye hana."

Mama alitoka nje haraka, akajifanya anafukuza kuku. Kuku hatukuwa nao tena.

"Lakini uniletee habari kama anakula," mdogo wangu aliongeza. "Na usije ukanidanganya. Lete mavi yake."

Nilimrudisha kwa kibuyu kile kile kilichomleta. Aliingia kwenye tundu lake bila kugeuka. Nyumbani mdogo wangu alikuwa anakunywa vijiko viwili vitatu, vya kumridhisha mama tu, na usiku mama alikuwa ananigusa mguu: lini utakwenda? Siku ya nne nikaenda. Mgambo mwenye pengo alikuwa amekaa njiani kwenye jiwe. Aliponiona alianza kukagua kandambili zake, akakagua moja, akakagua ya pili, mpaka nikapita.

Niliokota vipande vitatu vikavu mbele ya tundu, nikavifunga kwenye jani. Mdogo wangu alifungua jani juu ya mapaja yake. Akavunja kipande cha kwanza kwa kijiti cha ufagio, akakitawanya. Ndani mlikuwa na mabawa ya kumbikumbi, mguu wa panzi na ganda la mende linalong'aa. Akasogeza pua akanusa. Akavunja cha pili, akanusa nacho.

"Hakina ule unga," akasema.

Akajifuta mikono kwenye gauni, akanyoosha mkono kwa mama, akaomba bakuli lijazwe.